Umejuaje? Aya ya historia katika madarasa ya Mapinga

"Eleza sababu sita zilizowafanya watu wa pwani kuwapinga Wajerumani mwaka 1888." Swali la namna hii limo katika madaftari ya wanafunzi wa sekondari kuanzia Bunju, ukivuka Mto Mpiji ukaingia Mapinga, hadi Bagamoyo mjini. Majibu yake nayo yanafanana. Mwanafunzi anaandika utangulizi wa mistari mitatu, anapanga sababu zake sita, anapiga mstari chini ya kila moja, kisha anafunga kwa "kwa ujumla". Ukifungua daftari la jirani yake utakuta sababu zilezile kwa mpangilio uleule, kwa kuwa nondo zote zimetoka ubao mmoja.

Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini aya ya kawaida ya jibu hilo, ukiiweka kwa Kiswahili, huwa hivi:

"Sababu ya kwanza ni ardhi. Wajerumani walichukua ardhi ya wenyeji. Ardhi ni muhimu sana kwa binadamu kwa sababu tunaitegemea kwa kilimo na makazi. Hivyo wenyeji walikasirika wakaamua kupigana ili kuilinda ardhi yao."

Sentensi zimenyooka, na msahihishaji mwenye haraka anaweza kuipa alama. Lakini fanya jaribio dogo. Ondoa "Wajerumani" uweke "Waingereza", kisha uipeleke aya hiyo Kenya mwaka 1952, wakati wa Mau Mau. Inakaa. Irudishe kwa Wajerumani uipeleke Umatumbi mwaka 1905, Maji Maji ilipoanza. Inakaa vilevile. Aya inayokaa popote haijasema lolote kuhusu Bagamoyo. Haina mtu, haina mahali, haina tarehe. Na ukiitazama kwa makini ina shaka kubwa ndani yake: kampuni ya Kijerumani ilianza kutawala pwani Agosti 1888, na kufikia Septemba watu walikuwa wameshashika silaha. Katika wiki hizo chache yangechukuliwa mashamba mangapi? Mwanafunzi hajajiuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba aya ni mahali pa kujiuliza.

Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi likitokea hapa. Mwanafunzi wa Mapinga anayeandika aya ile yuko mwendo mfupi wa daladala kutoka mahali mambo yalipotokea. Mei 8, 1889, kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alilivamia boma la kiongozi wa wapinzani, Abushiri bin Salim al-Harthi, huko Nzole, nje kidogo ya Bagamoyo. Makaburi ya Wajerumani waliokufa miaka ile yapo hadi leo karibu na ufukwe wa mji. Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ambako wakimbizi wengi wa vita hivyo walijihifadhi, bado imesimama. Mtoto amezungukwa na ushahidi kila upande, na aya yake haina hata chembe moja ya ushahidi huo.

Tumezoea kuliona tatizo hili kama la lugha, tukawaachia walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza: wao ndio wafundishe insha, sisi wa historia tumalize silabasi. Ndiyo maana haliishi. Mwalimu wa lugha anaweza kumfundisha mtoto kwamba aya ibebe wazo moja na sentensi zifuatane. Hawezi kumfundisha kwamba neno la ofisa wa kampuni kuhusu wakazi wa Pangani si sawa na neno la mkazi wa Pangani kuhusu ofisa huyo, au kwamba jambo lililotangulia huenda halikusababisha lililofuata. Hiyo ni historia yenyewe, na mahali pake pa kufundishiwa ni ndani ya aya, sentensi kwa sentensi, kalamu ikiwa mkononi.

Mtoto wa Mapinga haanzi na mikono mitupu. Mapinga panajulikana kwa viwanja. Tangu Dar es Salaam ianze kufurika kuelekea kaskazini, mashamba ya mikorosho na minazi yamekatwakatwa vipande, na pamoja na vipande hivyo yamekuja mengine: kiwanja kuuzwa mara mbili, mpaka kusogezwa usiku, ndugu mmoja kuuza wenzake wasijue. Mtoto amewasikia wakubwa wakiyazungumza barazani. Anafahamu kwamba mtu akienda mbele ya wazee wa baraza akasema "kiwanja hiki ni changu", kisha akanyamaza, amejimaliza mwenyewe. Ataulizwa ana nini. Ataleta karatasi ya mauziano, atamleta jirani aliyekuwapo siku ya kupima, ataonyesha mkorosho ambao baba yake aliupanda mpakani. Hata akivileta vyote, bado atatakiwa aeleze: karatasi ilisainiwa mbele ya nani, jirani alihamia lini, mkorosho upo ndani ya mpaka au nje yake. Dai, ushahidi, kisha maelezo ya jinsi ushahidi unavyolishika dai. Aya ya historia imejengwa vivyo hivyo, na mtoto wa hapa mpangilio huo anao kichwani kabla hajavaa sare ya kidato cha kwanza.

Bahati nzuri ni kwamba ugomvi wa ardhi wa 1888 nao ulikuwa ugomvi wa ushahidi. Kwa mkataba wa Aprili 28, 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa ukanda wa pwani na ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni waliingia katika miji ya pwani, Pangani na Bagamoyo ikiwamo, wakataka bendera yao ipepee, maliwali wawatii wao, na wenye ardhi wathibitishe kwamba ni yao na kuiandikisha. Mwalimu akiwaeleza hayo wanafunzi wa Mapinga hahitaji kuongeza chumvi. Kila mmoja darasani anajua maana ya mgeni mwenye nguvu kusimama shambani kwako na kukuuliza, "Hati yako iko wapi?"

Sasa turudi kwenye aya tuijenge upya, polepole, kama inavyopaswa kujengwa ubaoni mbele ya darasa zima.

Sentensi ya kwanza ya zamani ilikuwa "Sababu ya kwanza ni ardhi." Hicho ni kichwa cha habari. Hoja ni kauli ambayo mtu mwingine anaweza kuipinga, na hakuna anayeweza kupinga neno "ardhi" peke yake. Mwalimu aulize: ardhi ilifanya nini? Darasa litajibu kwamba Wajerumani waliichukua. Lini? Hapo darasa litanyamaza, na ukimya huo una faida, kwa sababu ndipo wanapogundua kwamba vita vilianza kabla ya unyang'anyi wowote mkubwa wa mashamba. Kwa hiyo hoja lazima ibadilike: watu waliogopa kupoteza ardhi kabla hawajaipoteza. Hiyo ni hoja. Mtu anaweza kuibishia, na anayeitoa anawajibika kuitetea.

Kisha ushahidi, ukiwa na tarehe, mhusika na mahali. Kisha maelezo, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote na ndiyo wanafunzi wengi huiruka, wakidhani ushahidi unajisemea wenyewe. Mwisho, kiungo cha kuirudisha aya kwenye swali lililoulizwa. Darasa likishirikiana, baada ya kufuta na kuandika tena na tena, linaweza kufika hapa:

"Amri ya kampuni kuhusu ardhi iliwatia hofu wenye mashamba wa pwani hata kabla hawajanyang'anywa chochote. Ilipoanza kutawala Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani iliwataka wenye ardhi wathibitishe umiliki wao na kuuandikisha. Mashamba mengi yalikuwa yakimilikiwa kwa urithi na kwa kutambuliwa na majirani, hivyo mtu aliyelima pale miaka yote angeweza kukosa karatasi ya kumridhisha ofisa mgeni. Amri hiyo iligusa wenye mali na wasio na mali kwa pamoja, na inasaidia kueleza kwa nini mtu kama Abushiri, aliyekuwa na shamba la miwa Pangani, alikuwa upande mmoja na watu wa kawaida wa mji."

Sasa ijaribu kuipeleka Kenya 1952. Haiendi, imefungwa kwenye pwani ya Pangani kwa kamba za tarehe, mtu na amri. Angalia pia kwamba idadi ya sentensi zake ni sawa na ya ile ya kwanza, ingawa zenyewe ni ndefu zaidi. Mwanafunzi hakutakiwa kuandika zaidi sana. Alitakiwa kujua zaidi, na kujiuliza zaidi.

Kuna vitenzi ambavyo aya kama hii haiwezi kukosa, na vinafaa kufundishwa kwa jina. Wanafunzi wetu wana kitenzi kimoja tu cha historia: kusababisha. Kila kitu kimesababisha kila kitu. Lakini Kiswahili kina hazina: jambo huchochea, huchangia, huharakisha, huchelewesha, huzidisha, huwezesha, hufungua njia. Mkataba wa Aprili uliiwezesha kampuni kuingia. Kuingia kwake kulizidisha hofu iliyokuwapo. Masimulizi ya wakati ule kwamba Wajerumani waliingia msikitini Pangani wakiwa na mbwa yanaeleza kilichochochea hasira ikalipuka upesi namna ile. Mwanafunzi akilazimika kuchagua kati ya "ulichochea" na "uliwezesha", analazimika kufikiri. Andika vitenzi hivyo kwenye karatasi ya manila, ibandike ukutani, na upige marufuku "kusababisha" kwa muhula mmoja.

Hapo tumefika kwenye kidonda cha lugha ya kufundishia, na hakipitiki kimya. Aya niliyoijenga hapo juu nimeijenga kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa somo la Historia katika kidato cha kwanza hadi cha nne anatakiwa aijenge kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi anamaliza darasa la saba katika shule ya kawaida ya serikali ameisoma kama somo tu. Wataalamu wetu wamelisema hili kwa miaka mingi. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell walilitolea kitabu kizima mwaka 1997, na kuanzia 2002 mradi wa utafiti ulioshirikisha Tanzania na Afrika Kusini uliendelea kulichunguza darasani. Taarifa za Baraza la Mitihani kuhusu majibu ya watahiniwa nazo hutaja udhaifu wa lugha kama mojawapo ya sababu za kukosa alama. Mtoto asiyeweza kutunga sentensi yake mwenyewe atakariri ya mwalimu, na sentensi iliyokaririwa haina nafasi ya "ijapokuwa" wala "hata hivyo", maana hayo ni maneno ya mtu anayepima mambo.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mengi yamesemwa kuhusu upande wa maadili wa somo hilo. Mimi naliona pia kama nafasi ambayo walimu wa historia hawajawahi kuipata sekondari: kufundisha aya kwa lugha ambayo mtoto anaotea ndoto. Mwalimu aanzie huko. Mtoto akishaweza kudai, kuthibitisha na kueleza kwa Kiswahili, kazi inayobaki katika kipindi cha Kiingereza ni kutafuta maneno, nayo si ndogo, lakini angalau atakuwa na kitu cha kukisemea. Hata pale ambapo sheria ya kipindi ni Kiingereza, aya inaweza kusemwa kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili, wanafunzi wawili wawili, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Hakuna mkaguzi mwenye busara atakayelaumu hilo.

Somo hilo jipya lina faida nyingine kwa mtu wa Mapinga: mengi yanayofundishwa humo yana mashahidi walio hai. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka Maji Maji, na mradi huo umekuwa msingi wa mengi tunayojua kuhusu vita vile kwa upande wa waliopigana. Wale wazee wameshatangulia. Lakini bibi wa Mapinga aliyekuwa msichana mwaka 1983 anakumbuka foleni za duka la kaya, uhaba wa sabuni na sukari, na operesheni ya Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Babu wa jirani yake huenda alikwenda Vita vya Kagera mwaka 1978. Wapo waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 na wanaweza kueleza nyumba yao ya zamani ilikuwa upande gani.

Mpe mwanafunzi kazi ya nyumbani ya swali moja: "Shikamoo bibi, mwaka ule sukari mlikuwa mnaipataje?" Aandike jibu, kisha aandike mambo matatu ambayo baraza lolote lingemuuliza. Bibi alikuwa na umri gani? Aliliona mwenyewe au alisimuliwa? Alikuwa mnunuzi, muuzaji, au mke wa mwenyekiti wa duka? Kisha ajenge aya moja. Ushahidi wa bibi hautamwambia kwa nini nchi nzima iliishiwa bidhaa. Hapo atahitaji kitabu, na atakutana na bei ya mafuta, gharama za vita na hali ya kilimo. Lakini kitabu hakitamwambia jinsi akina mama walivyogawana kipande cha sabuni. Kuviweka viwili hivyo katika aya moja, kila kimoja kikipewa uzito wake, ni kazi ya mwanahistoria kamili, na kijana wa miaka kumi na minne anaiweza.

Pwani hii ina mfano wake wa zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda aliyeishi Bagamoyo, aliandika kwa nathari ya Kiswahili habari za maisha ya Waswahili, kitabu kikachapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900 na akafia huko mwaka 1927. Kazi yake inafaa kuingia darasani kwa sababu mbili. Kwanza ni ushahidi wa mtu wa hapa, kwa lugha ya hapa, kuhusu elimu, ndoa, utumwa na safari za bara. Pili, inambana mwanafunzi: iliandikwa kwa kuombwa na Mjerumani, Carl Velten, na kusomwa na Wajerumani wakati wao ndio watawala. Je, kuna alilolikwepa? Upande mwingine uko utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, uliotungwa na mtu aliyeviona vita kwa jicho la waliovamiwa. Mwanafunzi akiwa na vyanzo hivi viwili mezani, pamoja na taarifa za maofisa wa kampuni na kumbukumbu za mapadri wa misheni, ana uhondo ambao shule nyingi duniani zingeutamani.

Nchini Uingereza walimu wamelifanyia kazi suala la aya kwa muda mrefu. Wengi hutumia kifupi cha PEEL, yaani hoja, ushahidi, maelezo na kiungo, mpangilio uleule nilioutumia hapo juu. Umewasaidia maelfu ya watoto kuanza. Lakini walimu wa historia wa hukohuko wamelalamika kwamba fomula ikishika usukani, watoto huzalisha aya zilizokamilika kwa umbo na tupu kwa fikra: hoja imo, kitu kinachoitwa ushahidi kimo, kisha "hii inaonyesha kwamba" na kurudia hoja ileile kwa maneno mengine. Nakubaliana nao. Sisi tayari tunayo fomula moja iliyokufa, ile ya nondo sita zilizopigiwa mstari. Hatuhitaji ya pili.

Dawa naiona katika alichokipendekeza Christine Counsell katika kijitabu chake cha 1997 kwa walimu wa historia wa Uingereza: kabla ya kuandika, mtoto apange. Apewe kadi, kila moja na jambo moja, atenganishe hoja kubwa na habari ndogo zinazoibeba, asogeze, abadilishe, abishane na mwenzake. Hapa hatuhitaji vifaa vya kununua. Karatasi moja ya manila ukiikata inatoa kadi za darasa zima. Andika kwenye moja: "Aprili 1888, Sultani Khalifa atia saini mkataba." Kwenye nyingine: "Kampuni yataka bendera yake ipandishwe." Nyingine: "Ushuru wa forodha sasa wakusanywa na kampuni." Nyingine: "Wenye ardhi watakiwa kuthibitisha umiliki." Nyingine: "Mbwa waingizwa msikitini Pangani." Kisha uliza: kati ya hizi, zipi zinakaa pamoja, na kundi hilo utaliitaje? Kuna watakaoweka bendera na mbwa kundi moja, wakaliita heshima. Wengine watapeleka bendera kwenye kundi la mamlaka, pamoja na ushuru. Wakibishana hivyo kwa dakika kumi, kila kundi limeshapata hoja yake, na hakuna iliyonakiliwa kutoka ubaoni.

Kadi hizo zina nguvu zaidi kwenye swali ambalo majibu yake yameshazoeleka. Muulize mwanafunzi yeyote wa wilaya hii Bagamoyo ilijulikana kwa nini karne ya 19, atajibu bila kusita: biashara ya utumwa. Wageni wanaambiwa hivyo, vibao vinasema hivyo, na hata maombi ya kuingiza njia ya misafara iliyofika Bagamoyo kwenye orodha ya urithi wa dunia, yaliyowekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, yanataja watumwa na pembe za ndovu kwa pamoja. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine walifanya kazi katika mashamba na nyumba za mji. Hilo halina ubishi na halipaswi kupunguzwa. Lakini wanahistoria waliouchunguza mji huu kwa karibu, Steven Fabian katika kitabu chake cha 2019 akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba uhai wa Bagamoyo ulitegemea sana pembe za ndovu na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi, waliokuja kwa msimu na kupiga kambi mjini. Bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi kwenda Zanzibar ilikuwa Kilwa.

Mwanafunzi atayawekaje hayo katika aya moja? Hapa ndipo "ijapokuwa" inapopata kazi yake. "Ijapokuwa watumwa walipitishwa na kutumikishwa Bagamoyo, utajiri wa mji ulitokana zaidi na misafara ya pembe za ndovu iliyobebwa na wapagazi wa kulipwa..." Aya ikianza hivyo imekubali jambo moja na kudai jingine, na msomaji anasubiri kuthibitishiwa. Kumfikisha mtoto kwenye sentensi moja ya namna hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi na vijana wenye kujiamini. Sijui zoezi la darasani linalojenga mambo hayo mawili kwa pamoja vizuri kuliko hili.

Najua mwalimu anayesoma haya Jumapili, na lundo la madaftari pembeni, atauliza muda uko wapi. Ana haki. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, na viunga vinavyokua kwa kasi kama Mapinga vinaongezewa watoto na kila familia inayohamia kwenye kiwanja kipya. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 ana madaftari 240. Insha nzima ikisahihishwa kwa dakika tano tu, ni saa 20 za kalamu nyekundu, nje ya vipindi. Matokeo yake insha zinatolewa mara moja au mbili kwa muhula, zinarudi zikiwa na alama na neno "jitahidi", na mtoto hajui ajitahidi wapi.

Ndiyo maana nasema aya, wala si insha. Aya moja kila wiki, nusu ukurasa, na mwalimu asahihishe kitu kimoja tu. Wiki hii ni sentensi ya kwanza: je, ni hoja au kichwa cha habari? Wiki ijayo ni ushahidi: kuna mtu, mahali, mwaka? Wiki ya tatu ni maelezo. Kwa dakika moja kila daftari, saa 20 zinakuwa nne, na bado wanafunzi wanaweza kubadilishana madaftari na kuulizana pembezoni kwa penseli: "Umejuaje?" na "Kwa hiyo?" Maswali hayo mawili yanatosha muhula mzima. Wakuu wa shule, ambao wengi wao hupitia mafunzo ya uongozi ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM) palepale Bagamoyo, wanaweza kulisaidia jambo hili kwa uamuzi usiogharimu chochote: kuhesabu aya hizo kama majaribio ya wiki, ili mwalimu asionekane amekosa kutoa mazoezi.

Hatua ya kwanza inaweza kufanyika hata Jumatatu hii. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne, na ndani yake huweka nakala za majibu yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe, mazuri na dhaifu. Chagua mawili ya swali moja. Funika maelezo ya wachambuzi. Toa nakala, au kama mashine ya shule imeharibika, nakili aya moja moja ubaoni. Waambie wanafunzi wao ndio baraza: watu hawa wawili wanadai, yupi ana ushahidi, na yupi anapiga kelele? Wasahihishe wao, wakibishana kwa Kiswahili, kisha waiandike upya aya dhaifu. Wakimaliza, wafunulie wachambuzi waliandika nini.